Ukuta Unaotoka Jasho

Inspekta alipitisha kidole ukutani, akakilamba. Konstebo akageuza uso pembeni.

"Afande, humo alikufa mtu."

"Najua. Ndiyo maana naonja ukuta, simwonji yeye." Akatema mate, akafuta mdomo kwa leso. "Chumvi, bwana. Chumvi tupu."

Walikuwa chini ya kiwanda cha zamani cha mikate, kwenye ghala ambalo zamani lilikuwa na unga na sasa lilikuwa na popo. Kiwanda kilikuwa kinabomolewa. Juzi yake vibarua walipiga nyundo kwenye ukuta huu, matofali yakaporomoka kama meno ya ufizi mbovu, na nyuma yake ukaonekana mlango wa chuma uliofungwa kwa komeo. Komeo lilikuwa upande wa nje. Ndani ya mlango kulikuwa na chumba cha majivu cha tanuru la kwanza kabisa, tanuru ambalo lilishazimwa kabla ya mkasa huu. Na ndani ya chumba hicho alikuwa ameketi mtu, au niseme kilichobaki cha mtu, mkanda ukiwa bado umezunguka pale palipokuwa kiuno. Bizimu ya mkanda ilikuwa ya shaba, kubwa kama kiganja cha mtoto. Kila mwokaji aliyebaki hai aliijua bizimu ile. Ilikuwa ya Tarumbeta.

Wenye umri wanakumbuka. Tarumbeta alikuwa fundi wa tanuru mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na ndiye aliyekuwa awaongoze waokaji kwenye ule mgomo. Walikuwa wanaoka mikate usiku kucha na asubuhi wanarudi kwa watoto wao mikono mitupu, huku mwenye kiwanda, ambaye hakuwahi kugusa unga ila uliokwisha kuwa mkate na kupakwa siagi, akiwaita wavivu. Mgomo ulikuwa uanze Jumatatu. Jumapili, Tarumbeta akatoweka. Jumatatu watu wakasimama uani wakimngoja mpaka jua likawachoma visogo, kisha mmoja baada ya mwingine wakarudi kwenye matanuru, vichwa chini. Tangu hapo jina lake likawa tusi. Mtu akikuacha kwenye mataa, ulisema amekufanyia Utarumbeta. Watoto waliozaliwa baadaye walilitumia neno hilo bila kujua kwamba liliwahi kuwa jina la mtu. Na muda wote huo, mtu mwenyewe alikuwa chini ya miguu yao.

"Yale matofali ya safu ya juu?" Inspekta aliuliza.

"Nimeyapeleka ofisini kwako, afande, na vilivyokuwa katikati yake. Nimefunika. Hakuna aliyeyaona."

"Yabaki hivyo hivyo, asiyaone mtu. Hata Mkuu."

Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kuifunga kesi kichwani mwake. Ukuta umejengwa, kwa hiyo tafuta mjenzi. Mjenzi aliyefanya kazi ghalani enzi zile alikuwa mmoja tu, mzee aitwaye Fundi Chokaa, na mzee huyo aliwahi kumchumbia mwanamke ambaye baadaye akaolewa na Tarumbeta. Aliwahi pia kutamka mbele za watu kwamba atamvunja mwenzake taya. "Wivu wa mapenzi," Mkuu alisema, akijipigapiga tumbo. "Mambo mepesi kama haya mnayafanya magumu kwa nini?" Fundi Chokaa alikuwa mahabusu, anakohoa, na alasiri ile ile angepandishwa kizimbani kwa shtaka la kuua. Kwa kikohozi kile, asingerudi kutoka rumande.

* * *

Mzee aliletwa akiwa amejifunga blanketi la kituo, vidole vyake vyeupe kwenye kucha kwa chokaa ya maisha mazima.

"Kaa, mzee wangu. Umekula?"

"Nile nini, mwanangu? Nina kikohozi, kinanitosha."

"Uliujenga ukuta ule?"

"Nishasema hapana mpaka ulimi umeota sugu. Niliitwa nipige lipu ghala zima. Nikaukuta mdomo wa lile shimo la majivu umeshazibwa, tena uso wote umepakwa udongo vizuri. Nikajua ni watu wa tanuru wenyewe wameziba, panya wasiingie. Nikapiga lipu juu yake nikaenda zangu."

"Ulimuuliza mtu?"

"Nimuulize nani? Siku zile ndio mgomo umekufa, watu hawatazamani usoni. Mwenye kiwanda naye akadhani nimeziba mimi, akanisifu kwa bidii. Nikanyamaza. Sifa ya tajiri huwa haiji mara mbili."

Inspekta alitabasamu kidogo, akarudi kwenye kazi. "Ulirudi pale mara ngapi?"

Fundi Chokaa alishusha macho. Hapo ndipo Mkuu alipombana jana: kila masika, mzee alionekana anashuka ghalani na ndoo yake. Muuaji anayerudi kutazama kazi yake, Mkuu alisema.

"Kila mvua zikianza," mzee akajibu. "Ukuta ule ulikuwa unatoka jasho. Lipu inavimba, inabanduka, pale pale tu, kwingine kukavu. Nakwangua, napaka upya, mwaka ukigeuka naitwa tena. Kaka yangu alikuwa akinitania, eti ukuta ule umenioa."

"Mzee, ukichanganya udongo wako wa kujengea, unatia chumvi?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama hujengea uji.

"Chumvi? Ukutani? Kwani wewe ukuta wako unaupika?"

"Jibu swali, mzee."

"Chumvi ni adui, mwanangu. Hata mchanga wa ufukweni tunaukataa. Anayetia chumvi ukutani ama kachanganyikiwa ama hana mpango wa kulala ndani yake."

"Na taya la Tarumbeta? Ulitaka kulivunja?"

"Nilitaka, sana." Mzee akakohoa, akajifuta kwa pembe ya blanketi. "Aliniibia mchumba kwa maneno matamu, na mimi sikuwa na maneno, nilikuwa na mwiko. Ningelivunja taya, wangelifunga waya, tungesalimiana. Lakini kumzika mtu mzima mzima?" Akatikisa kichwa. "Hapo lazima uwe umemchukia mtu mpaka pumzi yake."

* * *

Yule mchumba alikuwa sasa mama mtu mzima, anaishi nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya ukumbi wa chama cha waokaji. Mwaka wa pili baada ya Tarumbeta kutoweka, aliolewa na rafiki mkubwa wa mumewe, yule aliyekuwa katibu wa kamati ya mgomo. Watu walimwita Katibu siku zile, na walimwita Katibu mpaka leo, ingawa mwenyekiti wa chama alikuwa ni yeye tangu zamani.

Inspekta alimkuta ameketi kwenye kiti cha uani, miguu ameinyoosha, hafanyi lolote. Wageni wa kutoa pole walikuwa wameingia na kutoka, na vikombe vyao bado viko chini.

"Karibu, mdogo wangu. Kama umekuja kuniuliza kama Fundi Chokaa ameua, mimi sijui. Mimi nimebaki na neno moja tu kichwani, tangu juzi." Akapigapiga goti. "Hakunikimbia. Unaelewa? Nimemtukana marehemu kila siku ya Mungu. Nikikoroga chai namtukana. Kumbe hakunikimbia."

"Hakukukimbia, dada."

Mwanamke alivuta pumzi. Inspekta akamwacha aivute yote.

"Nitakuuliza jambo la kijinga kidogo. Wanaume hawa wa tanuru, walikuwa wanatia chumvi wapi?"

"Kwenye mkate."

"Kwingine?"

"Kwenye udongo. Wa kuzibia tanuru." Alisema bila kufikiri, kama mtu anayetaja njia ya kwenda kisimani. "Tanuru likipasuka hawamwiti mjenzi, saruji inalipuka kwa moto. Wanakanda wenyewe udongo wa mfinyanzi na chumvi, moto ukiwaka unashikana unakuwa jiwe. Uliza wake zao. Waume wote wawili nimewapaka mafuta viganjani, vimepasuka kwa chumvi kama kisigino."

"Na ule udongo usipopata moto?"

"Utakosaje moto, nao uko tanuruni?"

Inspekta na Konstebo, aliyekuwa mlangoni, wakatazamana. Mtu aliyejenga ukuta ule wa ghalani, ukuta usio na moto mbele wala nyuma, mkono wake ulikuwa umekwenda kwenye mfuko wa chumvi kwa mazoea. Na chumvi isiyochomwa inaita maji. Kila masika iliyaita, na kila masika ukuta ukalia jasho.

"Wakati ule mafundi wa tanuru walikuwa wangapi pale, dada?"

"Wawili tu. Wengine walikuwa wakandaji na wa koleo. Tanuru halishikwi na kila mtu." Akamtazama Inspekta vizuri kwa mara ya kwanza. "Mbona unaniangalia hivyo? Walikuwa ni waume zangu, huyu na yule."

"Huyu yuko wapi sasa?"

"Ukumbini. Kesho ni maziko, wamempa kazi ya kuandika hotuba." Alitabasamu bila furaha. "Tangu juzi hali chakula. Nilidhani ni uchungu wa rafiki. Halafu usiku kaniuliza, eti: na sasa utamlilia yeye mpaka lini?"

* * *

Ukumbi ulikuwa umefurika. Waokaji walikuwa wanakunja vitambaa vyeusi, wanapanga viti, wanapaka rangi bango refu lenye neno moja, TARUMBETA. Vijana waliokuwa hawajazaliwa siku zile walikuwa wanafundishwa nyimbo za mgomo na wazee wasio na meno, na jina lile lililokuwa tusi mpaka wiki iliyopita lilikuwa linaimbwa mpaka mabati yanatetemeka.

Chumba cha Katibu kilikuwa mwisho wa ukumbi. Alikuwa mwembamba, nadhifu, mwenye miwani na sauti ndogo ya kukwaruza, sauti ambayo ilikuwa lazima uinamie ili uisikie. Viganja vyake vilikuwa na mistari ya zamani isiyopona. Alifunga dirisha, lakini nyimbo ziliingia vilevile.

"Karibu, binti. Keti. Wanapiga kelele hao, samahani."

"Wanaimba vizuri."

"Wanaimba jina. Jina ni rahisi kuimba."

Inspekta aliketi. Konstebo akasimama mlangoni, kalamu mkononi. "Mzee, kabla hatujazungumza, ni wajibu wangu kukuambia hulazimiki kusema neno, na utakalosema litaandikwa."

"Mimi nimeandika maisha yangu yote, binti, sitishwi na kalamu. Mmeshampata mtu wenu, sivyo?"

"Fundi Chokaa anapelekwa mahakamani leo alasiri. Mimi nimekuja kwa ajili ya hotuba yako."

"Hotuba?"

"Kuna jambo ungependa kuliweka. Tumeuchunguza ule ukuta. Sehemu kubwa ilikuwepo kabla ya siku ile. Aliijenga Tarumbeta mwenyewe, kuziba mdomo wa shimo. Fundi Chokaa alimalizia pengo tu."

Katibu alivua miwani.

"Nani amesema?"

"Inaonekana kwa mkono. Nimewaonyesha waokaji wa sasa. Wanasema udongo ule ni kazi ya bingwa, umekaa miaka yote hiyo bila moto na bado ulitaka nyundo. Wanasema enzi zile hakuna aliyekuwa na mkono huo ila Tarumbeta. Wanaomba kipande kimoja kikatwe, kiwekwe hapa ukumbini, kiandikwe jina lake."

Nje wimbo ulifika kiitikio, watu wakapiga makofi. Katibu alifuta miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Mkono wa Tarumbeta," alisema polepole.

"Ndivyo wanavyosema. Na wewe, nimeambiwa, ulikuwa msaidizi wake. Ulikuwa unamchotea maji?"

"Kumchotea maji!" Sauti ile ndogo ilipanda, ikakwaruza. "Mimi? Binti, yule mtu hakuwahi kukanda udongo ukashika. Hata siku moja! Alikuwa anatupa chumvi kavu kama anayelisha kuku, tanuru linapasuka baada ya wiki, na nani analiziba? Mimi. Chumvi unaiyeyusha kwanza kwenye maji moto. Udongo unauchekecha, unaulaza chini ya gunia bichi. Yeye angeijua wapi subira hiyo, naye kutwa yuko juu ya meza anapigiwa makofi?"

"Labda siku hiyo alitulia. Maana hata safu ya juu kabisa imeshikana sawasawa."

"Imeshikana na nini? Safu ya juu haina udongo! Udongo uliisha, nimeibana kwa matambara ya magunia nikapaka uso tu—"

Konstebo aliacha kuandika. Chumbani ikabaki miguno ya nyimbo za ukumbini, ile sauti ya wanaume wengi wakivuta pumzi pamoja.

"Safu hiyo iko ofisini kwangu, mzee," Inspekta alisema. "Na matambara yake. Aliyekuwa anaijua ni mimi, na Konstebo, na mtu mmoja mwingine."

Katibu akaiweka miwani mezani. Alipoanza tena alikuwa ametulia, karibu ameridhika, kama fundi aliyerudishiwa chombo chake.

"Hotuba ya mgomo niliiandika mimi. Hotuba zote. Neno la kuwaliza, neno la kuwachekesha, pale pa kunyamaza ili makofi yaingie, yote mimi. Nikizisoma mwenyewe watu wanapiga miayo. Yeye akizisoma wanambeba mabegani. Akishushwa ananipigapiga kichwani mbele za watu, ananiita 'katibu wangu mdogo.' Na mwanamke yule anamtazama. Barua zilizomfanya amwache Fundi Chokaa, unadhani aliandika Tarumbeta?"

"Jumapili ile, mzee."

"Nilimwambia shuka chini ufanye mazoezi, kule hakuna wa kukusikia, na ukisimama ndani ya shimo la majivu sauti inarudi kama uko mbele ya maelfu. Akapenda. Alikuwa anapenda sauti yake kuliko wali. Akaingia mwenyewe, anacheka. Nikasukuma komeo."

"Alifanya nini?"

"Aliendelea kuhutubia!" Katibu alicheka kicheko kikavu. "Alidhani natania. Alipojua, alipaza sauti yote aliyopewa. Wauza mikate wakapita juu, nikawasikia wanaambiana, Tarumbeta anapasha koo leo, kesho moto utawaka. Wakaenda zao. Nami nikachanganya udongo wangu vizuri, bila haraka, maana huo ungekuwa wa kudumu."

"Na mgomo? Wale watu waliongoja uani?"

Katibu alinyoosha karatasi za hotuba, akazipanga kona kwa kona.

"Nilisimama Jumatatu kuwahutubia," alisema. "Hawakunyamaza hata kunisikiliza."

Inspekta aliinua simu ya mezani, akapiga kituoni. Mkuu alifoka kwanza, akataka kujua ni nani aliyemruhusu kwenda kumsumbua mwenyekiti wa watu siku ya msiba. Inspekta akamwachia afoke, kisha akamsomea maneno ya Konstebo neno kwa neno.

"Fundi Chokaa amekwisha kupanda gari la mahakamani," Mkuu akasema hatimaye.

"Basi mshushe, bwana Mkuu. Na blanketi mwachie."

Katibu alinyoosha mikono bila kuambiwa. Inspekta alimfunga pingu, akamtupia koti lake juu ya viganja, kwa sababu ukumbi ulikuwa umejaa na walioko mle wangeweza kumrarua kabla hajafika kwa hakimu. Konstebo akatangulia kufungua njia.

Walipotokea mlangoni, wimbo ulikatika. Mzee mmoja kibogoyo alimwona Katibu katikati ya polisi, akaelewa alivyotaka kuelewa.

"Wanampeleka akamtambue mwenzake!" alipaza sauti. "Ndugu zangu, mpisheni! Huyu ndiye aliyetushika mkono siku tulipobaki yatima! Katibu! Katibu!"

Na ukumbi mzima ukapokea. Wanaume waliweka brashi chini, vijana wakapanda viti, makofi yakaanza mbele yakaviringika mpaka nyuma, Katibu, Katibu, jina likapiga bati na kurudi. Hakuwahi kuitwa kwa shangwe hivyo maishani mwake. Mkewe alikuwa ameingia kwa mlango wa pembeni, amesimama, na macho yake yalikuwa kwenye lile koti lililolala juu ya mikono. Yeye peke yake hakupiga makofi.

Inspekta alihisi mkono aliokuwa ameushika unakuwa mzito. Katibu alikuwa anapunguza mwendo. Shingo ilimnyooka, midomo ikamcheza, akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia, kama mtu anayeota jua.

"Binti," alinong'ona, "niwaambie neno moja tu. Moja. Leo watanisikiliza."

"Tembea, mzee," Inspekta akasema, akamvuta kuelekea garini.